Una lupus au baridi yabisi na bado unatakiwa kazini saa mbili: unaishije?

Kivuli cha Mwembe (mleta uzi)

Habari za humu wakuu.

Nyuzi za magonjwa humu ni nyingi, ila karibu zote zinaishia kwenye dalili na dawa. Huu nauleta kwa upande wa mshahara. Mtu ana lupus, au ana baridi yabisi ya kweli (ile inayoletwa na kinga ya mwili, siyo magoti kulalamika kwa sababu umetoka kwenye baridi la Makete), na kesho asubuhi anatakiwa awe mezani kwake. Anafanyaje?

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Kampuni siitaji, msinipigie ramli. Nina lupus. Kwa wasioifahamu: kinga ya mwili badala ya kupambana na vijidudu inaugeukia mwili wenyewe. Kwa mmoja itapiga maungio na ngozi, kwa mwingine figo, kwa mwingine damu. Haiambukizi. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi inawakamata kati ya miaka 15 na 45, yaani umri uleule wa kutafuta ajira, kupanda cheo na kuzaa.

Tatizo lake kazini si kuumwa. Kila mtu anaumwa. Ukishikwa na malaria unalazwa, unarudi, wenzako wanakupa pole, yanaisha. Lupus haina hiyo tabia ya kuisha. Inaamka, inalala, inaamka. Jumatatu umefunga hesabu za mwezi peke yako na umepongezwa. Jumatano vidole havishiki kalamu na unasoma ankara moja mara nne bila kuielewa. Ijumaa umerudi, umejipaka lipstiki, mtu anakuangalia juu hadi chini: "Mbona uko fiti tu wewe?"

Na prednisoloni, dawa ya kutuliza lupus, nayo ina vituko vyake. Uso unajaa, mashavu yanakuwa duara, ofisi nzima inakupongeza kwamba umenawiri, shemeji anakutunza. Nywele zikipukutika na vipele vikitokea usoni, pongezi zinageuka minong'ono. Kidonge cha kila siku Bongo kina maana moja tu, na mtu akikuona unakimeza jikoni saa nne, hadi saa saba ushapewa ugonjwa usiokuwa wako.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakiamua kusema kazini wanaenda kwa bosi na jina la ugonjwa. "Bosi, nina lupus." Bosi hajui afanye nini na hilo neno. Jioni anagugo, anakutana na picha za kutisha, asubuhi anaanza kukuangalia kama marehemu mtarajiwa. Mimi naona ni heri kwenda na ombi, tena ombi dogo ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, na liwe kwa maandishi.

Mimi niliomba vitu vitatu. Meza yangu itolewe dirishani, kwa sababu jua linauamsha ugonjwa, na kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote. Nibadilishane kazi na mwenzangu: yeye aende yadi kuhesabu mali saa sita mchana, mimi nichukue usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) ambao yeye anauchukia kama deni. Na tarehe za kliniki zijulikane mapema, nisiwe naomba ruhusa kila mara kama mwanafunzi wa bweni. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha barua ya daktari inayosema jua na uchovu vinanidhuru. Nilikubaliwa viwili. La kliniki lilizungushwa miezi kadhaa, likapita meneja alipobadilika.

AC bado ni vita. Vidole vyangu kwenye baridi vinakuwa vyeupe, halafu bluu, wakati mwenzangu wa meza ya pili anataka digrii 16 kama anahifadhi samaki.

Naomba uzoefu wenu. Mlisema au mlificha? Waliojiajiri je? Na wanaojua sheria wasipite kimya.

Napita Tu

Pole sana dada. Ngoja waje wajuzi, nimeweka kambi.

Bosi Mdogo

Niseme na upande wetu, msinirushie mawe. Nina duka la vifaa vya ujenzi, wafanyakazi sita. Binti wa keshia ana hayo maungio. Ni mwaminifu, na kwenye keshia mwaminifu ni dhahabu. Lakini leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa anapiga simu saa moja na nusu kwamba hawezi kuamka. Kampuni kubwa ina watu wa kuziba pengo. Mimi pengo naliziba na mke wangu, na mke wangu ana shughuli zake. Mnataka nifanye nini? Huruma ninayo, ila huruma haifungui duka.

Kivuli cha Mwembe

Bosi Mdogo umesema kweli na sikurushii jiwe. Lakini soma ulichoandika: anapiga saa moja na nusu kwamba hawezi kuamka. Mwenye baridi yabisi asubuhi ndiyo saa yake mbaya kuliko zote. Maungio yanakakamaa, kwa wengine zaidi ya saa nzima, halafu yanalegea kadiri siku inavyosogea. Huyo binti ulishamuuliza kama saa nne angeweza?

Utumishi Kanda ya Ziwa

Nimefanya kazi ya utumishi sekta binafsi kwa muda mrefu, nichangie kwenye sheria. Nazungumzia Tanzania Bara, sekta binafsi. Watumishi wa umma wana Kanuni zao za Kudumu, na Zanzibar wana sheria yao ya ajira, msichanganye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Watu wakisikia 126 wanashangilia. Tulieni. Mzunguko wa likizo ya ugonjwa ni miezi 36, siyo 12. Zigawe mwenyewe: zile 63 za mshahara kamili hazifiki hata siku mbili kwa mwezi. Kwa aliyevunjika mguu mara moja, zinatosha na kubaki. Kwa mwenye lupus anayepewa ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) ya siku mbili leo, tatu mwezi ujao, zinakatika kidogo kidogo bila yeye kujua. Kwa hiyo shauri langu la kwanza halina uhusiano na hospitali: weka daftari lako mwenyewe la ED. Utumishi wanahesabu, na wewe hesabu.

Pili, ED isiyofika ofisini haina kazi. Bila cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri hawajibiki kukulipa siku hizo. Nimeona watu wana ED kumi ndani ya pochi, zimekunjwa kama risiti za daladala, hakuna hata moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Peleka nakala, pigiwa muhuri, baki na yako.

Tatu, aliye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo kwenye sehemu hiyo ya sheria, na kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki nayo haimhusu bado. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Kuhusu kuachishwa kwa ugonjwa: inaruhusiwa, tusidanganyane. Uwezo wa mfanyakazi ni moja ya sababu halali. Ila Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza: ugonjwa una uzito gani, utachukua muda gani, kazi inaweza kurekebishwa au la, kuna kazi nyingine nyepesi au hakuna. Na amsikilize mfanyakazi. Akiruka hatua hizo akaandika barua tu, ana kesi. Na hapo barua ya aina aliyoandika mleta uzi inakuwa na thamani kubwa, kwa sababu inaonyesha uliomba marekebisho lini na ukajibiwa nini.

Ukiachishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea mgogoro wa kuachishwa ndani ya siku 30. Watu wanakaa nyumbani wanasubiri "bosi apoe", siku ya 31 inafika.

Mtu wa Imani

Mleta mada achana na hivyo vidonge vya kila siku, vinakumaliza. Kuna mzee Tanga anatibu hayo kwa mizizi. Pia funga siku saba uombe, hii si ya kawaida, kuna mkono wa mtu ofisini.

Nesi wa Usiku

Mtu wa Imani, omba, hakuna anayekukataza. Lakini usimwambie mtu aliyezoea prednisoloni aiache ghafla. Mwili ukitumia dawa hiyo kwa muda unapunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukiikata kwa siku moja, presha inashuka, mtu anaanguka, anaweza kufa. Inapunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Hilo la mkono wa mtu waulizeni wenyewe.

Nirudi kwenye mada. Mimi ni nesi na nina baridi yabisi, kwa hiyo nalijua hili kwa pande zote mbili za kitanda. Dawa na ratiba ya kazi vipangwe pamoja, wengi hawafanyi hivyo. Natumia methotreksati. Hiyo ni dawa ya MARA MOJA KWA WIKI, narudia, mara moja kwa wiki, ukiimeza kila siku ni sumu. Siku inayofuata wengi wanajisikia kichefuchefu na mwili kuisha nguvu. Basi muulize daktari kama unaweza kuimeza jioni ya siku ambayo kesho yake hauko kazini. Mimi naimeza mwanzo wa mapumziko yangu. Prednisoloni nayo imeze asubuhi, ukiimeza usiku utahesabu mabati hadi alfajiri halafu kazini ulale juu ya meza.

Nilichoomba kazini: nisipangwe wodi ya wagonjwa wa TB. Dawa hizi zinashusha kinga, TB inakuwa rahisi kukupata. Matroni alinielewa bila hotuba. Zamu za usiku sijafanikiwa kuziondoa, jina langu hapo juu mnaliona.

Na wadada wanaopanga ujauzito: methotreksati haiendi na mimba kabisa. Ongeeni na daktari mapema, siyo mkishachelewa siku zenu.

Mpwani wa Nyali

Nawasoma kutoka Mombasa. Nyinyi mwalia na siku 63? Huku Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 30 yasema hivi: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, wapata siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara, kwa mwaka mzima. Hicho ndicho kiwango cha chini, waajiri wengine huongeza kwenye mkataba au makubaliano ya chama. Mke wangu ana lupus na yuko mapokezi hotelini. Msimu wa wageni Disemba siku saba zaisha kabla ya Krismasi.

Kilichomsaidia ni viwili. Kifungu cha 41 chataka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya hali ya mwili wake, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama pale pale wakati wa kusikilizwa. Alipoitwa aliingia na mwakilishi wa chama. Mazungumzo yalibadilika mara moja, hata viti viliongezwa.

La pili ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jina la ugonjwa peke yake halikupi kadi. Wapimwa hospitali ya serikali, waangalie umepungukiwa na uwezo gani. Ukiipata, waomba msamaha wa kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mapato ya hadi shilingi 150,000 za Kenya kwa mwezi hayakatwi kodi ya mapato. Kwa familia inunuayo dawa kila mwezi hiyo si kitu kidogo. Alisita sana kujiita mlemavu, mamake hadi leo hataki kusikia. Mimi namwambia kadi yakaa mkobani, haikai usoni.

Utumishi Kanda ya Ziwa

Mpwani umenikumbusha. Huku Bara, kifungu cha 7 cha sheria yetu kinakataza ubaguzi kazini na kimeorodhesha sababu. VVU na UKIMWI vimo kwa jina. Ulemavu umo. Lupus haimo, kisukari hakimo, selimundu haimo. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa kudumu inabidi aingilie mlango wa ulemavu, na mlango huo una kizingiti: lazima uonyeshe ugonjwa umekupunguzia uwezo kweli. Binafsi naona ni upungufu wa sheria. Tulipigania neno moja likaingia, mengine yakaachwa nje. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayomtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia 3 ya wenye ulemavu. Waulizeni waajiri wenu wamefikia wapi, muone wanavyokohoa.

Fundi wa Mbagala

Mnaongea ED na meneja. Sisi wengine bosi ni cherehani.

Nashona miaka mingi, baridi yabisi ilinianzia kwenye vidole vya kati, ikaenda vifundo vya mikono, ikaja magotini. Mwanzoni nikasema ni kazi. Mafundi wote wanaumwa mikono. Mpaka nikawa siwezi kufunga kitufe cha shati langu mwenyewe, mimi ninayeshona vitufe vya watu.

Kwangu hakuna sheria, kuna wateja. Nilichobadilisha: cherehani ya kukanyaga niliifunga mota, goti likapumua. Mkasi mzito wa chuma nimemwachia kijana, yeye anakata, mimi napima na kushona. Vitufe, pindo za mkono, darizi, vyote vinaenda kwa mama mmoja jirani, namlipa kwa kipande. Faida imepungua, ndiyo. Lakini awali nilikuwa nafanya kila kitu wiki mbili, halafu wiki ya tatu nalala chini, wateja wanahama. Sasa napata kidogo kila wiki.

Neno "kesho" nimeliacha. Fundi wa Bongo anajulikana kwa "njoo kesho", na mwenye ugonjwa huu akisema kesho anajifunga kamba. Nampa mtu tarehe ya mbali, nguo ikiwahi nampigia simu anafurahi. Asubuhi sishoni, napokea vipimo na kupiga hesabu, mashine naiwasha saa nne ikipita. Sare za shule Disemba na Januari ndizo zinaniua, na ndizo zina hela. Hapo naongeza vijana wawili, la sivyo Februari nzima ni kitanda.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea sisi tuliojiajiri, najichangia kile ninachoweza. Nilijiunga mkono ulipokuwa bado unashika sindano vizuri. Jirani yangu alisubiri, akaja kuulizia mafao ya ulemavu wakati hajachangia hata mwezi mmoja. Wangempa nini?

Mhitimu Mtaani

Naomba kuuliza wakubwa. Nimemaliza chuo, nina lupus, figo ziliguswa kidogo ila ziko sawa sasa. Nimeitwa usaili mara kadhaa. Fomu moja ina swali: una ugonjwa wowote wa kudumu? Nikisema ndiyo naogopa wananitupa. Nikisema hapana nimeanza kazi kwa uongo. Nifanyeje?

Nesi wa Usiku

Mdogo wangu, kwanza kama figo ziliguswa usiruke kipimo cha mkojo hata kama umepata kazi ya ndoto. Protini kwenye mkojo inaweza kupanda bila wewe kusikia chochote.

Utumishi Kanda ya Ziwa

Kwenye usaili wa mdomo huna ulazima wa kujitangazia maradhi. Ongelea kazi. Ukiulizwa kwa maandishi usiandike uongo, maana siku ugonjwa ukiamka hiyo fomu itafufuliwa, na kesi itahama kutoka afya kwenda udanganyifu, ambayo ni kesi mbaya zaidi kwako. Unaweza kuandika "nina hali ya kiafya iliyodhibitiwa, hainizuii kufanya kazi hii", kama ni kweli na daktari wako anaweza kuiandikia barua. Wengine watakuacha kwa hilo. Sitakudanganya.

Kivuli cha Mwembe

Mhitimu, hapa mimi na Utumishi tunatofautiana kidogo. Mimi nilikaa kimya hadi nilipovuka ile miezi sita aliyoitaja. Sikuulizwa kwa maandishi, kwa hiyo sikudanganya mtu. Nikajijenga kwanza, watu wakajua kazi yangu, ndipo nikaandika barua. Mwenye jina la kazi nzuri anaombwa abaki. Mgeni anaombwa apishe. Lakini angalia na aina ya kazi. Kama ni ya juani, kupima ardhi, kusambaza bidhaa mtaani, kusimamia mjengo, usiikubali kwa kuficha, utaumia kabla ya mshahara wa pili.

Fundi wa Mbagala, bandiko lako nimelituma kwa mama yangu.

Napita Tu

Haidroksiklorokwini, ile dawa ya lupus, mnapata wapi siku hizi? Dada yangu kuna kipindi alizunguka Kariakoo nzima.

Nesi wa Usiku

2020 wakati wa korona ndiyo ilikuwa balaa, dunia nzima iliikimbilia kwa matumaini tu, wenye lupus wakabaki mikono mitupu. Siku hizi inapatikana, tofauti ni bei na kama bima yako inaigharamia. Asisubiri kidonge cha mwisho ndipo aanze kutafuta. Na akapimwe macho, dawa hiyo ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoona. Kama kazi yake ni ya kompyuta asidhani kila ukungu wa macho ni miwani.

Bosi Mdogo

Nimerudi. Binti nimemuuliza. Kasema saa nne anaweza, na kiti kirefu cha keshia ndicho kinamuumiza nyonga, anataka cha kawaida chenye mgongo. Kiti nitampa leo hii. Asubuhi atakaa dogo wa stoo, nimfundishe mashine ya risiti. Sasa kwenye mshahara wa siku asizokuja bado tunabishana, mimi nasema asiyefanya kazi asile.

Utumishi Kanda ya Ziwa

Hapo hakuna ubishi mkuu. Kama ana zaidi ya miezi sita na analeta ED, kifungu cha 32 kinasema ulipe. Mkataba wake unasemaje kuhusu ugonjwa?

Bosi Mdogo

Mkataba wa mdomo.

Utumishi Kanda ya Ziwa

Basi anzia hapo. Hata kama mlielewana kwa mdomo, sheria inakutaka umpe maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi, mahali, saa, malipo, likizo. Na hao wengine watano?

Bosi Mdogo

Wote wa mdomo. Nilikuja kuchangia uzi wa lupus, sasa nahisi nimejishtaki mwenyewe. Njoo PM, tuongee faragha.